Namba 61,741,120: Kubwa, Lakini Si Fumbo

Kisiwa kidogo cha Kojani kiko upande wa mashariki wa Pemba, kikitenganishwa na kisiwa kikubwa kwa mkono mwembamba wa bahari. Jina lake limeenea mwambao mzima kwa sababu ya wavuvi wake. Msimu ukiruhusu, Wakojani huondoka kwao wakaenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, wakakaa huko kwa majuma au miezi kadha, kisha wakarejea. Kwa watu wa namna hiyo, swali la "mko wangapi?" halina jibu jepesi. Jibu hutegemea usiku gani unaoulizwa.

Usiku huo katika Tanzania ulikuwa ni wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Sensa ya Watu na Makazi ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku huo. Mvuvi aliyelala dago alihesabiwa huko huko dago, na mkewe aliyebaki Kojani akahesabiwa Kojani. Matokeo yalipotangazwa mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022, jumla ya watu wote ilikuwa 61,741,120. Kati yao, 59,851,347 walikuwa Tanzania Bara na 1,889,773 walikuwa Zanzibar.

Namba hiyo ilisomwa redioni na kuandikwa magazetini. Shuleni, aghalabu namba ya aina hiyo hufundishwa kwa kukaririwa: mwanafunzi huiandika daftarini, huitoa siku ya mtihani, kisha huisahau. Hilo ni kosa. Namba kubwa haiwekwi shuleni ili itazamwe kwa mbali kama mnara. Huwekwa ili ifunguliwe. Na mwanafunzi anayeifungua kwa mkono wake mwenyewe hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kile ambacho namba inaweza kusema, na kile ambacho haiwezi kusema hata kidogo.

Kuisoma

Kazi ya kwanza ni kuisoma namba kwa Kiswahili, na kazi hiyo si nyepesi kama inavyodhaniwa. Alama za mkato huzigawa tarakimu katika mafungu ya tatu tatu: milioni, elfu, na mamoja. Lakini lugha yetu inalo neno laki, lililotufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na laki moja ni elfu mia moja. Kwa hiyo jicho linapokata kwenye elfu, ulimi hukata kwenye laki. Namba yetu husomwa: milioni sitini na moja, laki saba, arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.

Tazama pia sehemu ya "arobaini na moja elfu". Mtu akisema "elfu arobaini na moja", msikilizaji mmoja ataandika 41,000 na mwingine ataandika 40,001. Wote wawili watakuwa wamesikia sawasawa. Mwalimu asiyeliweka jambo hili wazi humwadhibu mwanafunzi kwa utata ambao si wa mwanafunzi. Badala ya kulaumu Kiswahili kwamba hakifai kwa hisabati, inafaa kukubaliana juu ya mpangilio mmoja: kutaja idadi kwanza na elfu baadaye. Utata huo utakwisha siku hiyo hiyo.

Baada ya kuisoma, mwanafunzi aipime kwa muda. Lau mtu mmoja angehesabu watu hao mmoja mmoja, kila sekunde mtu mmoja, mchana na usiku bila kulala wala kula, angemaliza baada ya siku 714 na saa 14 hivi. Wazee wa pwani wanaufahamu mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, unaogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na kubakiwa na siku 5. Kwa hesabu yao, mhesabuji huyo angemaliza mwongo mmoja na nusu hivi kabla ya miaka miwili kutimia. Hapo namba huanza kuwa na uzito. Ni dhahiri pia kwamba kugawanya na kubakiwa si maarifa yaliyoletwa na kitabu cha shule. Baharini yamekuwapo miaka mingi.

Kuihakiki

Kazi ya pili ni kuuliza kama namba imeandikwa sawasawa. Ipo njia ya kale, ambayo wafanyabiashara waliitumia kabla ya mashine za kuhesabu, ya kutupa tisa. Tarakimu za namba hujumlishwa, na jumla yake ikajumlishwa tena, mpaka ibaki tarakimu moja.

Kwa Bara, 5 + 9 + 8 + 5 + 1 + 3 + 4 + 7 ni 42, na 4 + 2 ni 6. Kwa Zanzibar, 1 + 8 + 8 + 9 + 7 + 7 + 3 ni 43, na 4 + 3 ni 7. Sasa 6 na 7 ni 13, yaani 4. Kwa jumla ya taifa, 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 ni 22, na 2 + 2 ni 4. Pande zote mbili zimekutana.

Lakini mwanafunzi asishangilie mapema. Karani akikosea akaandika 61,714,120, yaani akabadilishana nafasi za 4 na 1, jumla ya tarakimu itabaki 22 na hakiki itapita bila kuona kosa. Njia hii huweza kuthibitisha kwamba pana kosa. Haiwezi kuthibitisha kwamba hapana. Tofauti hiyo ni msingi wa sayansi yote, na ni bora mtu aijue akiwa Kidato cha Kwanza kuliko kuijua uzeeni.

Kuifungua

Kazi ya tatu ni kutafuta vigawo vya namba. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ama ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, ama ni zao la namba tasa. Tena zao hilo ni moja tu, ukiacha mpangilio. Namba tasa za 61,741,120 ni zipi?

Namba inaishia kwa 0, kwa hiyo ni shufwa na inagawanyika kwa 5. Igawanywe kwa 2 mara sita mfululizo: 30,870,560, 15,435,280, 7,717,640, 3,858,820, 1,929,410, 964,705. Sasa imekuwa witiri. Gawanya kwa 5, unapata 192,941. Kwa 3 haigawanyiki, kwani jumla ya tarakimu zake ni 26. Kwa 7 inagawanyika, na jibu ni 27,563.

Hapa kazi huanza kuwa ngumu. Namba 27,563 haioneshi dalili yoyote kwa nje. Hapana budi kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine: 7 tena, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41. Zote huacha baki. Mwanafunzi mvivu hukata tamaa kwenye 31 na kutangaza kwamba namba ni tasa. Mwanafunzi mvumilivu hufika 43, na mlango hufunguka: 27,563 ni 43 mara 641.

Je, 641 ni tasa? Hapana haja ya kujaribu namba zote. Kwa kuwa 26 mara 26 ni 676, namba iliyopita 641, yatosha kujaribu namba tasa zisizozidi 25, nazo ni tisa tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Hakuna hata moja inayoigawanya. Basi 641 ni tasa, na kazi imekwisha:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641.

Kutokana na mstari huo mmoja, mwanafunzi anaweza kusema kwamba namba yetu ina vigawo 112, bila kuviandika vyote. Kipeo cha 2 kinaweza kuchaguliwa kwa njia saba, kuanzia 0 mpaka 6, na kila moja ya namba tasa nne zilizobaki inaweza kuingia au kutoingia. Kwa hiyo ni 7 × 2 × 2 × 2 × 2.

Walimu wawili

Mwenye kuifungua namba hukuta humo njia zinazokwenda mbali. Chukua 641. Mnamo mwaka 1640, Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo hupatikana kwa kujumlisha 1 na 2, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶. Zote ni tasa. Akaamini kwamba mfululizo huo ungeendelea kutoa namba tasa daima. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionesha kwamba namba hiyo si tasa: ni 641 mara 6,700,417. Mwanahisabati mkubwa alikuwa amekosea, na aliyeonesha kosa lake alilionesha kwa namba yenye tarakimu tatu.

Uthibitisho wake unaweza kufuatwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Kwanza, 641 ni 640 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1. Kwa kuwa x⁴ − 1 hugawanyika kwa x + 1, basi 5⁴ × 2²⁸ − 1 hugawanyika kwa 641. Pili, 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Zidisha kwa 2²⁸, unapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², nayo bila shaka hugawanyika kwa 641. Toa ile ya kwanza katika hii ya pili. Kinachobaki ni 2³² + 1.

Sasa tazama tarakimu nne za mwanzo wa namba yetu: 6174. Mwaka 1949 D. R. Kaprekar, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Devlali, India, aligundua tabia ya ajabu ya namba hiyo. Chagua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zote zisiwe sawa. Zipange tarakimu kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, na utoe. Rudia kwa jibu ulilopata. Tukianza na 1889, tarakimu za mwanzo wa idadi ya Zanzibar:

9881 − 1889 = 7992
9972 − 2799 = 7173
7731 − 1377 = 6354
6543 − 3456 = 3087
8730 − 0378 = 8352
8532 − 2358 = 6174

Ukiendelea, 7641 − 1467 ni 6174 tena, na hutoki hapo. Namba yoyote utakayoanza nayo kwa sharti lililotajwa, hufika 6174 kwa hatua zisizozidi saba. Mwanafunzi atambue pia kwamba kila jibu la kutoa hapo juu hugawanyika kwa 9, kwa sababu ile ile iliyofanya hakiki ya kutupa tisa ifanye kazi.

Kaprekar alizaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1986. Hakuwa na cheo katika chuo kikuu chochote. Alikuwa mwalimu wa shule aliyependa namba. Mwalimu wa sekondari katika kisiwa chochote asidhani kwamba ugunduzi ni mali ya watu wenye maabara.

Sadfa si ishara

Hapa ndipo pa kuwa na tahadhari. Mtu anaweza kusema kwamba kukutana kwa 6174 na 641 ndani ya idadi ya Watanzania ni ishara ya jambo fulani. Pwani yetu ina utamaduni mrefu wa kuzipa namba maana: herufi za jina hujumlishwa, siku za heri na za nuhusi hutafutwa. Katika elimu ya falaki mna maarifa ya kweli, ya mwendo wa mwezi na jua, ambayo mvuvi huyategemea kujua siku za bamvu na siku za maji mafu. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye kubashiri kwa namba ni kuvuka bahari bila chombo.

Sababu iko wazi. Namba yenye tarakimu nane na vigawo 112 haikosi kutoa kitu cha kupendeza. Ukiitazama namba yoyote kubwa kwa muda wa kutosha utaona jambo ndani yake, kwa kuwa mambo ya kuonwa ni mengi. Tena lau mtoto mmoja zaidi angezaliwa kabla ya usiku wa manane ule, namba ingekuwa 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingetoweka kwa mpigo mmoja, kwa kilio cha mtoto mchanga. Ukubwa wa taifa usingebadilika kwa namna ya kuonekana. Sifa za namba zingebadilika zote.

Huo ndio mpaka. Vigawo ni sifa za namba, si sifa za watu. Watu huelezwa kwa mambo mengine: kwamba kati ya kila Watanzania 100 watatu hivi walikuwa Zanzibar; kwamba kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 idadi iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kasi ambayo ikiendelea huzidisha watu mara mbili katika miaka 22 hivi. Kwamba sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei, nayo ya 2022 ikapata karibu mara tano yao. Madarasa, visima na zahanati hupangwa kwa hesabu za namna hii. Na kwa Kojani hapana budi kuuliza swali la ziada: wangapi walikuwa dago usiku ule? Mpangaji asiyeuliza hivyo atachukua namba sahihi na kupata jibu lisilo sahihi.

Faida yake ni nini?

Watu wengine watauliza kwa nini mwanafunzi ataabike kutafuta 43 na 641 kwa mkono, ilhali simu ya mfukoni inaweza kuzipata mara moja. Swali hilo lina jibu.

Kuzidisha 43 kwa 641 ni kazi ya dakika moja. Kurudi nyuma kutoka 27,563 mpaka 43 kulihitaji kujaribu namba nyingi. Tofauti hiyo, kwamba kwenda ni rahisi na kurudi ni kugumu, ndiyo iliyotumiwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 kuunda njia ya maandishi ya siri, ambayo mpaka leo hutumika kulinda mawasiliano ya intaneti na ya benki. Mwaka huo huo, jarida la Scientific American lilichapisha namba ya tarakimu 129 iliyotokana na namba tasa mbili, na kuwataka wasomaji waifungue. Ilifunguliwa mwaka 1994, baada ya miaka 17, kwa msaada wa watu wapatao 600 waliojitolea kompyuta zao. Namba zinazotumika sasa kwa kazi hiyo huwa na tarakimu mia sita na zaidi.

Mwanafunzi aliyepata tabu ya kutoka 27,563 mpaka 43 ameshaelewa, kwa mikono yake, kwa nini siri hizo hazifunguki kirahisi. Aliyebonyeza simu amepata jibu tu.

Kazi ya mwalimu

Kwa hiyo inafaa kila shule ya sekondari itenge vipindi viwili katika muhula kwa ajili ya namba moja kubwa iliyo ya kweli. Isiwe namba ya kubuni iliyochaguliwa ili igawanyike vizuri. Iwe idadi ya watu wa wilaya, au uzito wa mavuno ya mwaka. Wanafunzi waisome kwa Kiswahili bila utata, waihakiki, waifungue mpaka kwenye namba zake tasa, kisha waandike ukurasa mmoja juu ya kile ambacho namba hiyo inasema kuhusu watu na kile isichosema.

Kazi hii haihitaji maabara wala umeme. Inahitaji karatasi, kalamu na subira. Subira si kitu kigeni kwa mtoto wa Kojani, ambaye jamaa zake hungoja maji yatoke ndipo washuke, na hujua tarehe ya mwezi bila kutazama kalenda. Mtoto huyo asiambiwe kwamba hisabati ni somo la watu wengine. Yeye, au baba yake aliyekuwa dago, ni mmoja katika zile 61,741,120, na bila yeye namba hiyo isingekuwa hiyo.